Mgeni wa Siku ya Tatu

Siku niliyoagana na watu wangu Kabambare, mjomba wangu, ambaye alikuwa mwalimu wa chuo cha watoto na mkulima wa mpunga, alinisindikiza kwa miguu hadi mwisho wa safu ya miembe ambayo wazee wetu husema ilipandwa na Waungwana zama za misafara, na hapo, badala ya wasia wa kawaida wa kushika sala na kuogopa deni, akaniambia neno nisilolitarajia. "Mpwa wangu," alisema, "pembe nyingi zilipita katika njia hii unayoiendea, na waliozichukua mabegani walikuwa babu zetu. Katika wao wamo waliorudi na wamo wasiorudi. Lakini katika pembe haikurudi hata moja, wala hakuna aliyekuja kutuambia zilikoishia. Wewe unaelekea upande wa pwani. Ukiziona, nijulishe zimelazwa wapi."

Nililichukua neno lile kama amana, nikavuka ziwa Tanganyika hadi Kigoma, nikaendelea mpaka Nairobi ambako nilipata kazi ya kusomesha na kufasiri. Wala amana hiyo haikuwa ya ajabu kwa mtu atokaye kwetu. Kabambare ilikuwa kituo mashuhuri katika njia ya Manyema, kwetu mashariki ya Kongo: msafiri Livingstone alifika mwaka 1869, na mwaka uliofuata madonda ya miguu yakamweka hapo miezi mingi; Kasongo, jirani yetu, ilikuwa mji wa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa lakabu ya Tippu Tip, hata ilipotwaliwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi wa Aprili 1893, na Kabambare yenyewe ikafuata Januari 1894. Wasafiri wa zama zile wameandika kwamba pembe za ndovu zilikuwa nyingi Manyema kiasi cha watu kuzisimamisha kuwa miimo ya milango yao. Sisi wa baadaye hatukuurithi mwimo hata mmoja. Tulirithi lugha, ambayo wageni waliiita Kingwana, tulirithi dini, na huko Kasongo tulirithi mahame ya mji wa kale yaitwayo Tongoni, jina lile lile la mji mwingine uliohamwa, kusini ya Tanga, wenye magofu ya msikiti na makaburi. Jumba la makumbusho hatukuwa nalo, hata sikulijua ni kitu gani mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Mara yangu ya kwanza kuingia katika jumba la namna hiyo ilikuwa katika mji mmoja ambao sina haja ya kuutaja, kwa kuwa niliyoyapata huko hayakuwa kosa la mtu bali kanuni. Langoni palikuwa na ubao wa kiingilio wenye madaraja matatu, la raia, la wakaazi wa Afrika Mashariki, na la wageni. Na mimi, ambaye paspoti yangu ilikuwa ya Kongo, na nchi yangu wakati huo haijaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, jambo lililokuja kutimia mwaka 2022, niliangukia daraja la tatu pamoja na watalii waliotoka ng'ambo ya bahari. Nilitoa fedha ambazo zingenilisha siku nne. Basi nikaingia na hesabu ile moyoni, nikapita kila chumba, nikasimama mbele ya kila kabati, nikasoma neno hili na kuliacha lile, kwa hofu kwamba nikikawia mahali pamoja nitakikosa kilicho mbele na fedha yangu itapotea bure. Nilipotoka, nikaketi kwenye ukuta wa nje na kujiuliza nimeona nini. Ilinidhihirikia kwamba sikuweza kueleza kitu kimoja kwa ukamilifu, ilhali macho yangu yalikuwa yamepita juu ya mamia.

Miezi kadhaa baadaye, mwalimu mwenzangu pale Nairobi, mtu mpole aliyeniona nikisoma habari za misafara kila nipatapo nafasi, aliniuliza kwa nini nisijiunge na jumuiya iitwayo Kenya Museum Society. Akanieleza kwamba jumuiya hiyo iliundwa mwaka 1971 na watu waliotaka kuyasaidia Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwamba hutoa jarida la kila mwaka liitwalo *Kenya Past and Present*, kwamba huendesha duka na kukusanya fedha za miradi ya makumbusho. Na kwamba mwanachama aliyelipa ada yake ya mwaka huingia bila kiingilio katika majumba na magofu yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, popote nchini. Nilimuuliza maswali mawili: je, mtu wa Kongo hupokelewa, na je, mlangoni wataniuliza mimi ni wa daraja gani? Akajibu kwamba jumuiya haimwulizi mtu kwao ni wapi, na kwamba mwenye kadi ana daraja moja tu, la mwanachama. Nikafanya hesabu kwa kalamu, nikaona kwamba ziara chache za mgeni zingetosha kuilipa ada ile yote, na mimi nilikuwa nikitaraji kufanya ziara nyingi.

Kadi yenyewe ilikuwa kitu kidogo, chenye jina langu na tarehe ya mwisho wake. Niliitia katika mfuko wa ndani wa kifuko cha fedha, nyuma ya kitambulisho, na kwa muda wa mwaka mzima nilikuwa nikiipapasa kwa kidole kila nilipopanda basi, kama msafiri wa zamani alivyopapasa masurufu yake mshipini.

Nilianza na jumba la Nairobi lenyewe, ambalo lilifunguliwa mahali lilipo mwaka 1930 kwa jina la Coryndon. Jumamosi ya kwanza nilikwenda kwa mazoea ya mgeni, nikitaka kuona yote. Jumamosi ya pili nikaona hakuna anayenifukuza. Jumamosi ya tatu nikasimama mbele ya mifupa ya Ahmed na sikuondoka hapo mpaka miguu iliponiuma. Ahmed alikuwa ndovu wa mlima Marsabit, mwenye pembe ndefu mno, na kwa sababu ya pembe hizo Rais Jomo Kenyatta alitoa amri mwaka 1970 kwamba alindwe asiguswe na mwindaji yeyote; akaishi chini ya ulinzi hadi alipokufa kwa umri wake mwaka 1974. Sanamu yake imesimama uani, na mifupa yake imo ndani. Nikazitazama pembe zile zilivyoteremka kwa mpindo mrefu kuelekea chini, nikafikiri juu ya bega la mtu. Nilikuwa nimesoma mara nyingi kwamba pembe kubwa ilimlemea mpagazi mmoja, lakini kusoma ni kusoma. Siku ile ndipo nilipoufahamu uzito, na urefu unaogonga visigino mtu akishuka mtelemko, na safari ya miezi kutoka Kabambare hadi Ujiji, na Tabora, na Bagamoyo. Wala nisingeufahamu kama kungekuwa na tiketi mkononi mwangu inayonihimiza kwenda chumba cha pili.

Likizo ilipofika nikashuka pwani. Katika Ngome ya Yesu pale Mombasa, karani wa langoni aliitazama kadi, akasoma jina, akaninyoshea kitabu nitie sahihi, akasema, "Karibu, Mwalimu, pita." Neno "pita" halina uzito kwa mtu aliyezaliwa karibu na lango lile, lakini mimi nililisikia hadi moyoni. Ngome ile Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waarabu wa Omani wakaitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Waingereza wakaifanya gereza. Na tangu mwaka 1960 ni makumbusho. Niliingia asubuhi nikatoka kwa ajili ya adhuhuri, nikarudi alasiri, na kesho yake nikarudi tena kutazama kabati moja tu, lenye vyombo vilivyotolewa katika jahazi kubwa la Wareno, *Santo António de Tanná*, lililozama chini ya ngome mwaka 1697 wakati wa kuzingirwa kule. Sikuona haya kurudi kwa kabati moja. Kadi ilikuwa imekwisha kuniondolea haya hiyo.

Kutoka Mombasa nikaenda Lamu, na huko ndiko kulikotokea jambo lililonifanya niandike kumbukumbu hii. Katika Makumbusho ya Lamu zimewekwa siwa mbili, moja ya Lamu ambayo ni ya shaba, na moja ya Pate ambayo ni ya pembe ya ndovu. Siwa ni baragumu ya enzi: ilipulizwa katika harusi za wakubwa na katika sherehe za utawala, na tundu lake la kupulizia liko ubavuni, siyo nchani. Nilipoiona ile ya pembe, ndefu kupita kimo cha mtu, yenye nakshi iliyochongwa kwa mkono usiotetemeka, na rangi yake imegeuka kuwa ya asali kwa ukongwe, damu ilinienda mbio. Nilijisemea kwamba nimeipata. Pembe nyeupe ya bara, imefika kisiwani, imetukuzwa, imepewa sauti! Sikusoma maandishi yote yaliyo chini yake. Nilitoka nje, nikasimama kwenye kivuli kando ya bahari, nikampigia mjomba simu, na simu ya Kabambare haipatikani ila kwa bahati. Siku ile ikapatikana. Nikamwambia, "Mjomba, nimeiona. Pembe yetu imefanywa baragumu ya wafalme." Alinyamaza kitambo, kisha nikasikia anamwita mkewe aje asikilize.

Mara ya pili nilikwenda Lamu na walimu wenzangu wawili, na kadi yangu ikanipitisha kama kwanza. Niliwasimamisha mbele ya siwa, nikawasimulia kwa fahari habari za babu zangu na mabega yao, nao walisikiliza kwa taadhima. Hapana aliyenipinga.

Mara ya tatu ilikuwa mwaka uliofuata, nami nilikuwa peke yangu na mwenye wasaa. Niliketi mbele ya siwa ile. Mzee mmoja miongoni mwa watumishi wa jumba, ambaye alikwisha kunizoea, akaja kusimama kando yangu, akaniuliza natokea wapi. Nikamwambia, tena nikamwambia na madai yangu. Hakunicheka wala hakunikatiza. Aliniachia hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Na pembe za Manyema, Mwalimu, zilianza kushuka pwani lini?" Nikajibu, kwani hilo nalijua, kwamba ilikuwa katikati ya karne ya 19. Akanielekezea maandishi kwa kidole, nami nikayasoma hadi mwisho kwa mara ya kwanza. Siwa ya Pate ilichongwa katika karne ya 17. Ilikuwa imekwisha kupulizwa katika harusi za vizazi vingi kabla msafara wa kwanza wa pwani haujafika Kabambare.

Nilitahayari, si kwa mzee yule, bali kwa mjomba wangu, ambaye kwa miezi mingi alikuwa akiwahadithia watu baada ya sala ya Ijumaa neno lisilo kweli nililompa mimi kwa haraka yangu. Lakini usiku ule, katika nyumba niliyopanga karibu na ngome ya Lamu, nikaingia katika taamuli, nikatanabahi jambo ambalo nimelishika hata leo. Sisi Waswahili husema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na aghalabu tunaitumia methali hiyo kumwonya mgeni mvivu. Mimi niliiona upande wake wa pili. Siku ya kwanza mgeni huona anachokitamani. Siku ya pili huwaonyesha wengine alichokiona. Siku ya tatu, akiwa bado yumo ndani ya nyumba, ndipo hupewa kazi, na kazi ya mtu katika nyumba ya kumbukumbu ni kusahihisha. Kama ningalikuwa nalipa kiingilio cha mgeni, na nauli ya kwenda Lamu juu yake, ningaliiona siwa ile mara moja tu katika umri wangu, na ningalikufa na uongo ule nikiamini kuwa ni ilimu.

Hii ndiyo faida ya uanachama ambayo sikuiona katika hesabu yangu ya kalamu. Unafuu wa fedha upo, na kwa mtu wa mshahara mdogo si jambo la kudharau. Namnasihi kila apendaye safari afanye hesabu ya majumba anayotaraji kuyaona kwa mwaka, alinganishe na ada, atazame tarehe ya kadi kabla ya kufunga mzigo, na achukue kitambulisho pamoja nayo. Pale Lamu peke yake, kadi moja ilinifungulia jumba la makumbusho, ngome, Nyumba ya Waswahili, na posta ya kale ya Wajerumani. Lakini iliyo bora ni ruhusa ya kurudi, na kurudi ndiko kunakomtoa mtu katika ugeni. Aidha ile ada haikupotea: ilikwenda katika kulitunza jumba, na kwa hivyo nilipokuwa nikipita bila kulipa nilikuwa nimekwisha kulipa, kwa namna alipavyo mtu wa nyumba ambaye hatozwi chakula lakini alishiriki kulima.

Hata hivyo kadi hiyo ina mpaka, na mpaka wake unaniuma. Nilipokwenda Kampala kuliona jumba la makumbusho la Uganda, lililoasisiwa mwaka 1908 na ambalo ni kongwe kuliko yote katika Afrika Mashariki, kadi yangu haikuwa na kazi. Nilipopita Ujiji, mahali ambapo Stanley mwaka 1871 alimkuta Livingstone, aliyekuwa ametoka kwetu Manyema mgonjwa na mnyonge, na ambapo leo kuna jumba dogo la ukumbusho chini ya miembe, kadi yangu ilibaki mfukoni. Kadhalika Kwihara karibu na Tabora, na Dar es Salaam, na Unguja. Nililipa kila mahali kwa radhi, kwa kuwa nyumba hizo zina haki ya riziki yake. Lakini nilijiuliza: njia ile ya kale ilikuwa moja, kutoka Kabambare hadi baharini, na mzigo ule ule, na mabega yale yale, mbona kumbukumbu yake imekatwa vipande, na kila kipande kina lango lake lisilomtambua mwanachama wa lango jingine?

Wenzetu wamelitatua jambo hili. Uholanzi tangu mwaka 1981 ina kadi moja ya mwaka inayofungua zaidi ya majumba 400. Ubelgiji ilianzisha ya kwake mwaka 2018, na binamu yangu aishiye Liège aliitumia kuingia Tervuren, katika jumba lililojengwa kwa mali ya Kongo na kufunguliwa mwaka 1910, akazitazama kazi za mikono ya watu wa Manyema bila kutozwa mlangoni. Aliniandikia kwamba ameingia mara tano, na kwamba mara ya tano ndipo alipoweza kutazama bila kulia. Huko Marekani majumba ya sayansi yana mapatano ya kupokeana wanachama: aliyejiunga na jumba la mji wake hupokelewa bure katika majumba ya miji ya mbali, ila kwa kawaida yaliyo ndani ya maili 90 za kwao hayamo, ili majirani wasinyang'anyane wanachama. Kanuni hiyo ni ya busara, maana ina insafu kwa jumba dogo: mtu hulipa kwao, kisha hufadhiliwa safarini. Naona hakuna la kuwazuia watunzaji wa Nairobi, Kampala, Dar es Salaam, Unguja, Lubumbashi na Kinshasa kuketi pamoja na kupatana vivyo hivyo. Mtoto wa Kasongo angejiunga Lubumbashi, akaipokelea Ujiji habari ya babu yake. Mtoto wa Lamu angejiunga kwao, akaenda Kampala kwa fadhila ya kadi yake.

Nilirudi Nairobi, nikatafuta jawabu la kweli kwa ajili ya mjomba, na kulipata kulinichukua miezi ya kusoma. Kisha nikampigia simu, nikaanza kwa kumtaka radhi. Nikamwambia kwamba siwa ya Pate si yetu. Ni kongwe kuliko njia yetu. Pembe za Manyema zilifika Unguja, zikauzwa, na sehemu kubwa ikapakiwa katika merikebu za Wamarekani, wale waliotuletea kitambaa ambacho hata leo tunakiita amerikani. Zikafika katika jimbo la Connecticut, kwenye miji midogo ya Deep River na Ivoryton, ambao maana ya jina lake ni mji wa pembe, na huko zikapasuliwa kwa misumeno kuwa vibao vyembamba kama kucha, vikabandikwa juu ya funguo za vinanda. Ndiyo sababu hakuna aliyeweza kutuambia zimelazwa wapi. Hazikulazwa mahali pamoja. Ziliingia katika vyumba vya watu elfu kwa elfu, na vidole vya watoto waliokuwa wakijifunza muziki vikazigusa kila siku.

Mjomba hakunilaumu. Alisema kwamba Ijumaa ijayo atasimama mbele ya wale wale aliowahadithia na kuirekebisha habari, kwa kuwa amana ikirudi imevunjika huonyeshwa kama ilivyo. Kisha akakaa kimya, nikadhani simu imekatika. "Mpwa wangu," akasema hatimaye, "na huko uliko, katika nyumba hizo unazoingia, hakuna kinanda cha zamani hata kimoja? Nataka kujua rangi yake ikoje sasa."

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi mapema, nikaenda kuihuisha kadi.